Mjukuu wa Mbao

Wapiga gitaa wote wana ugonjwa mmoja. Wakikutana, hata kama hawajaonana miaka mingi, hawaulizani kwanza habari za watoto. Wanaulizana: la kwanza ulilipata wapi? Na wakisema la kwanza hawana maana ya yale ya debe la mafuta ya taa, yenye nyuzi za breki za baiskeli, ambayo kila mmoja alijitengenezea mwenyewe na kujichana vidole. Wana maana ya gitaa la kweli, la dukani, lenye ubao mwembamba unaoitika hata ukikohoa karibu nao.

Beda naye, ingawa sasa ni mzee na meno yamemwishia, ukimuuliza swali hilo wakati wa chakula ataliacha tonge mkononi. Ataanza kwa kucheka. Kisha atakuambia kwamba gitaa lake la kwanza lilichukuliwa mchana kweupe, watu wazima wakitazama, na yeye mwenyewe akipiga makofi.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, na Beda alikuwa mkata mkonge katika shamba moja nje kidogo ya Kilosa. Alikuwa Mngoni, mtu wa Songea, aliyekuja kwa mkataba kama wenzake wengi, akaoa Hildegarda aliyekulia kambini hapohapo, akapata binti, Sesilia, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Mama yake, Bibiana, alimfuata baadaye kwa malori, safari ya masika iliyomchukua muda mrefu hata mwanawe akakata tamaa ya kumwona. Basi huyo Bibiana ndiye aliyefariki, kifua kilipomzidi, mwanzoni mwa mvua.

Alipofumba macho, jambo la kwanza alilofanya Hildegarda lilikuwa kulitoa gitaa ukutani na kulivua nguo.

Usishangae. Bibiana alikuja kutoka Songea na kipande cha bafta nyeupe, sanda yake, aliyoinunua mapema kama wanavyofanya wazee wasiotaka kuhangaisha watu. Siku gitaa lilipoingia nyumbani alilitazama, akatazama vumbi la katani lililokuwa likipeperushwa na upepo kutoka kiwandani, akasema, "Vumbi hili litamwua mtoto." Akaitoa bafta yake akalifunga gitaa vizuri kama kichanga. Hildegarda aliogopa, maana kulivika gitaa sanda aliona ni uchuro. Bibiana alicheka tu. "Mimi bado siihitaji. Mjukuu wangu huyu wa mbao aivae kwanza. Nitamwambia nikiitaka."

Sasa alikuwa ameitaka. Wakamzika nayo, na gitaa likabaki ukutani uchi.

Msiba ulikuwa na watu. Walikuja Wangoni wa kambi nzima, wakaja majirani wa kila kabila, wakaja Wahehe. Anayeujua utani hahitaji kuelezwa. Asiyeujua ajue hivi tu, kwamba Wangoni na Wahehe walipigana vibaya enzi za mababu, na vita vilipokwisha vikageuka utani. Mhehe akifika kwenye msiba wa Mngoni ana ruhusa ya kutukana, kuzuia mazishi, kulala kaburini na kuondoka na kitu cha wafiwa. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Kazi yake ni kumfuata mtani huko alikokwenda na kukikomboa kitu chake kwa kuku au kibuyu cha pombe, na kwa namna hiyo, apende asipende, atatoka ndani na kwenda kuonana na watu.

Katika watani wa siku ile mmoja alizidi wote. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa koti la kaki lililopauka, ameteremka kwenye lori lililosimama barabarani mbele ya kambi. Hakumsalimu mtu. Alishika kiuno akaanza kutembea kama Bibiana, akifukuza kuku wasiokuwepo na kuwagombeza kwa sauti ya kikongwe, hata wanawake waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka na kamasi puani. Kisha akajitosa kaburini, akajilaza chali.

"Hapa pananitosha mimi," akasema kutoka chini. "Huyu bibi mrudisheni nyumbani. Bado hajanipikia!"

Wakamtoa kwa kumvuta miguu. Baada ya mazishi aliingia ndani ya nyumba ya Beda bila hodi, akatoka na gitaa amelibeba mgongoni, mikono nyuma, akilibembeleza.

"Mama yenu mmemweka ardhini, na mjukuu wake mmemwacha uchi! Namchukua. Mkimtaka, nifuateni Mikumi!"

Beda, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametoa neno, aliangua kicheko. Alicheka mpaka akashika mti, akapiga makofi, na watu wote wakapiga makofi pamoja naye. Lori lile lililomleta, sasa likirudi, likapiga honi. Mtu yule akapanda na gitaa lake, akapotea.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Alikuwa Kondo, mtu wa Mamboya, rafiki yake Beda na mwenye nusu ya gitaa lile.

"Linarudi?" akamuuliza Beda pembeni.

"Linarudi, bwana. Ni utani."

Kondo akaitikia kwa kichwa, lakini macho yake hayakuondoka barabarani.

*

Matanga yalipokwisha, Beda alikwenda kwenye safu ya nyumba za Wahehe akiwa amejiandaa kutukanwa. Aliwakuta wanaota moto. Wakamtukana kidogo, kama ilivyotakiwa, naye akawajibu.

"Haya," akasema. "Ndugu yenu mwenye koti la kaki ni nani, na huko Mikumi anakaa wapi? Nataka nimkomboe mtoto wangu."

Wahehe wakatazamana.

"Ndugu yetu yupi?"

"Yule aliyelala kaburini."

"Yule si wetu," akasema mkubwa wao. "Sisi tulidhani ni Mnyamwezi. Wanyamwezi nao wana utani na watu wengi."

Beda akacheka akidhani anachezewa. Hakuna aliyecheka naye. Akaenda kwa Wanyamwezi. Wakasema walidhani ni Mhehe. Akauliza Wazaramo, akauliza hata Wangoni wenzake, na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba alimwona vizuri sana, akamfurahia sana, na hamjui. Mtu alikuja kwenye msiba, akawachekesha watu mia, akaingia ndani ya nyumba na kutoka na kitu kizuri kuliko vyote kambini, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza jina. Nani anamuuliza mtani jina? Beda alirudi nyumbani miguu ikimwuma kama aliyekata mkonge wa watu wawili.

Habari za kambini hazihitaji miguu. Siku ya pili yake, kwenye toroli za mkonge, watu walinyamaza alipofika. Kisimani wanawake walimuuliza Hildegarda kama ni kweli mazishi yalikuwa ya gharama. Mwingine akasema hadharani kwamba gitaa kama lile haliwezi kuibiwa hivihivi, lazima mwenyewe alikuwa amekwisha kulipatana na mnunuzi, na kile kicheko chake cha msibani kilikuwa cha nini basi? Mtu anamzika mama yake anacheka?

Maneno hayo yalimfikia Kondo pia. Alikuja nyumbani kwa Beda baada ya kazi, mikono bado ina utomvu, akakataa kigoda.

"Beda, nakuuliza mara moja tu. Uliliuza?"

Hildegarda, aliyekuwa anapepeta unga, alisimamisha ungo hewani.

Beda alimtazama rafiki yake. Alikumbuka siku walipokwenda wote wawili kulinunua, pale dukani Kilosa. Walikuwa wamefunga mikanda misimu miwili, wameuza sehemu ya posho yao ya maharage, wamevaa mashati ya Jumapili. Mwenye duka alitazama vidole vyao vyeusi kwa utomvu wa mkonge, akasema gitaa halishikwi kwa mikono kama hiyo, litachafuka, na mteja mwingine hatalitaka. Hawakubishana. Walikwenda kwenye bomba la stesheni wakasugua mikono kwa mchanga mpaka ngozi ikawa nyekundu, wakarudi, wakaionyesha kama watoto wa shule wanaokaguliwa. Kondo ndiye aliyelipiga kwanza. Alipiga kidogo tu, na mke wa mwenye duka akatoka ndani na mwiko mkononi kuja kusikiliza, na mwenye duka akanyamaza. Njiani walipokezana kulibeba, na kila mmoja alimwonea mwenzake wivu zamu yake ilipokwisha.

"Kondo," akasema Beda. "Wewe wa kuniuliza mimi hivyo?"

"Nani mwingine nimuulize? Utani ni wenu. Mimi ni mtu wa Mamboya. Sikuwapiga Wahehe, Wahehe hawakunipiga. Nusu ya gitaa lile ni yangu. Nusu yangu imechukuliwa kwa vita gani?"

Beda angeweza kuvumilia maneno ya kisimani. Hilo la Kondo hakuliweza. Kama gitaa lisingerudi, angepoteza na mtu wa kulipiga naye.

"Kesho tunakwenda polisi," akasema.

"Hamwendi," akasema Hildegarda.

"Tunakwenda."

"Baba Sesilia, sikiliza. Mwizi hajitosi kaburini kwanza. Mwizi anataka kitu chake aondoke; kaburini atatafuta nini? Yule ni mtani. Ukimpelekea mtani askari, utakuwa umemzika mama kwa aibu, na Wahehe hawatakanyaga tena kwenye msiba wetu."

"Mtani wa nani asiyejulikana na watani?"

Hildegarda hakulijua hilo. Lakini alishika ungo wake akaendelea kupepeta kwa nguvu, na hiyo kwake ilikuwa na maana kwamba hajashindwa.

*

Wakaenda. Nyapara aliwaruhusu kwa masharti kwamba siku hiyo haitaandikwa kwenye vipande vyao, zile kadi za kuhesabia siku za kazi, na kwamba wakichelewa kesho yake wasimletee hadithi za matanga.

Askari wa zamu alikuwa mtu mnene, mpole, aliyewaacha wasimame kwenye jua mpaka alipomaliza kunywa chai yake. Kisha akashika kalamu.

"Mtu aliingia nyumbani kwako?"

"Ndiyo, afande," akasema Beda.

"Usiku?"

"Mchana."

"Ulikuwepo?"

"Tulikuwepo wote. Ulikuwa msiba."

"Akatoka na gitaa. Amelificha wapi?"

"Hakulificha, afande. Amelibeba mgongoni. Kama mtoto."

Kalamu ilisimama. "Mbele yenu. Nanyi mkafanya nini?"

Beda alitazama vidole vya miguu yake. "Tulicheka, afande."

"Mlicheka."

"Na kupiga makofi kidogo."

"Mimi sikupiga," akasema Kondo haraka.

Askari aliiweka kalamu chini taratibu. Akageuka akaita mwenzake aliyekuwa ndani. "Njoo usikie hii." Ikabidi Beda aeleze upya, kaburi na kuku wasiokuwepo na honi ya lori, na safari hii vibarua waliokuwa wanafyeka majani uani nao wakasogea kusikiliza. Askari wa pili alicheka mpaka akafungua kifungo cha shati.

"Mtu kachukua mnampigia makofi," akasema yule wa kwanza, akifuta macho. "Alisema anakwenda wapi?"

"Mikumi."

"Basi si kawaambia? Mnataka serikali iwafanyie nini? Nendeni Mikumi!"

Walitoka pale vichwa chini, na vibarua wakawasindikiza kwa macho. Beda alikuwa na aibu ya kutosha watu wawili. Hata hivyo, walipofika kona, aligundua kitu kilichomshangaza: kifua kilikuwa chepesi. Habari ya mtu yule haikuandikwa popote. Kama mkewe alikuwa anasema kweli, basi bado hakuwa amemharibia mama.

*

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakiwa wamepata ruhusa nyingine kwa kumwangukia nyapara, walipanda lori lililokuwa linapeleka mabomba na saruji Mikumi. Kondo alikuja na rungu. Hildegarda, aliyesema kwamba safari hii haachwi, alikuja na Sesilia mgongoni na kuku kapuni.

Kondo alimtazama yule kuku kwa muda.

"Shemeji, huyo ni wa njiani?"

"Ni wa kukombolea."

"Unampelekea mwizi kuku?"

"Wewe umempelekea mtani rungu. Tutaona kipi kitatumika."

Beda alikaa kati ya kuku na rungu, juu ya saruji, na kwa kweli hakujua yuko upande gani. Moyo wake ulikwenda kwenye rungu kila lori lilipotumbukia shimoni, ukarudi kwenye kuku lilipotoka. Wakapita kijiji cha Ulaya, ile ya Kilosa, ambako dereva alinunua ndizi. Wakakata mbuga ambako tembo walikuwa wamesimama kando ya barabara na hakuna aliyethubutu kuongea. Saa tisa hivi wakateremka Mikumi, wamegeuka weupe wa saruji mpaka kope.

Waliulizia mtu mwenye koti la kaki. Wakaambiwa hapa kila mtu ana koti la kaki; kambi ya watengeneza barabara iko kule. Wakaenda. Kwenye nyumba ya mwisho ya kambi, mwanamke mmoja mrefu alikuwa anasonga ugali nje. Aliinua macho. Hakumtazama Beda wala Kondo. Alitazama kapu.

"Shikamoo, mama," akasema Beda.

"Marahaba. Huyo kuku anakwenda wapi?"

Hildegarda akasogea mbele, akapiga goti kidogo. "Tumemletea mtani wetu, mama. Tumemfuata mtoto."

Mwanamke yule akautupa mwiko ndani ya chungu, akashika kichwa kwa mikono miwili na kupiga kelele mpaka nyumba ya kwanza ya kambi wakasikia.

"Gabrieli! Gabrieli we! Toka! Wamekuja! Wamekuja na kuku!"

Akatoka mlangoni mtu wa makamo, kifua wazi, mswaki wa mti mdomoni. Bila koti alionekana mdogo zaidi. Lakini alikuwa ni yeye.

Gabrieli hakucheka. Aliwatazama mmoja mmoja, akatema mate ya mswaki pembeni.

"Wangoni," akasema, "hivi nyinyi mna nini? Mnanifanya mwizi uzeeni! Kila siku nakaa hapa nikitoka kazini, natazama barabara. Watu wananiuliza, Gabrieli, gitaa la nani? Nasema la watani, wanakuja. Wiki inakwisha. Nyapara wetu naye ameanza kuuliza, Gabrieli, hilo gitaa ulilipata wapi hasa? Juzi kasema atamwambia bwana mkubwa. Nikamwambia mke wangu, Wangoni wamenisusa. Wamenitoa kwenye utani. Nimekuwa mwizi na mimi mwenyewe sina habari!"

"Hatukukujua jina," akasema Beda. "Hata Wahehe wa kwetu hawakukujua."

"Watanijuaje? Mimi ni wa Mikumi hapa. Nilitumiwa habari na madereva kwamba bibi amefariki, nikapanda lori la mabomba, na lori halingojei mtu. Na hilo rungu ni la nini?"

Wote wakamgeukia Kondo.

"La tembo," akasema Kondo.

Gabrieli akalitazama rungu, akamtazama Kondo, na hapo ndipo kicheko kilipomtoka. "Tembo wa Mikumi! Umpige kwa hilo! Huyu si Mngoni, Mngoni ni mwongo zaidi." Akaingia ndani.

Alirudi na gitaa. Lilikuwa limefungwa blanketi, blanketi zito la kijivu lenye mstari mwekundu, moja ya yale waliyokuwa wanapewa vibarua, limeviringwa kwa uangalifu toka shingo mpaka tako. Usiku Mikumi kuna baridi msimu ule. Beda alichungulia mlangoni akaona kitanda cha kamba na mkeka juu yake, basi.

"Mlimwacha uchi," akasema Gabrieli. "Nilijua nguo yake kaondoka nayo bibi."

"Ulijuaje?" akauliza Hildegarda.

Aliyejibu ni mwanamke wa mwiko, Generoza, mkewe. "Mwanangu, bibi yenu alilala hapa. Hamkujua? Masika alipokuwa anakuja kwa mwanawe, lori lilikwama, barabara ikakatika, hakuna kwenda mbele wala nyuma. Tulikaa naye humu mpaka maji yalipopungua. Alitutukana huyo! Alilala kwenye blanketi hilihili, na asubuhi anasema Wahehe mna blanketi moja tu na bado mlitaka kupigana na sisi."

Watu wa kambi waliokuwa wamekusanyika wakacheka. Beda hakucheka. Alikuwa anasikia sauti ya mama yake, jioni, nje ya nyumba kule shambani, ikimweleza habari za watani wake wa Mikumi, mvua ilivyonyesha, blanketi lilivyokuwa. Alikuwa amemweleza mara nyingi. Na yeye kila mara alikuwa ameinamia nyuzi, sikio moja kwenye mbao, akiitikia "Mm, mama. Mm." Angalau mara moja angeinua kichwa, angelijua jina la Gabrieli.

"Toka hapo hatukuonana tena," akasema Gabrieli, sasa kwa upole. "Lakini madereva wanaleta salamu. Mwaka jana akanitumia maneno: mwambieni mtani wangu nimepata mjukuu wa mbao, nimemvika sanda yangu, na mwanangu anampenda kuliko mimi. Siku nikifa aje amwibe huyohuyo. Nataka kuona kama Beda atatoka ndani kumfuata."

Beda alifungua mdomo ajibu tusi, kama mtani anavyotakiwa. Badala yake akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya watu asiowajua, akiwa mweupe wa saruji na machozi yakichora mifereji mashavuni, na alikuwa hajalia hivyo wakati wa kuzika. Hildegarda akamwacha. Gabrieli naye akamwacha, akajifanya anampima kuku uzito.

"Kuku mmoja!" akanong'ona kwa mkewe, kila mtu akisikia. "Kwa mtoto mkubwa hivi."

Kondo ndiye aliyelifungua blanketi. Alilikagua gitaa mbele na nyuma, akapitisha kidole kwenye ubao, akalikuta zima. Nyuzi zilikuwa zimelegea kwa unyevu. Akakaa juu ya rungu lake lililolazwa chini, akazikaza mojamoja mpaka zikasemezana. Kila mtu alingoja apige, maana mikono ilikuwa inamwasha. Lakini alinyanyuka akalipeleka kwa Beda.

"Anza wewe," akasema. "Mama alikuwa wako."

Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, akitazama kando, "Na lile swali nililokuuliza, nalirudisha."

"Swali gani?" akasema Beda.

Jioni ile Mikumi ilisikia muziki. Beda alipiga ule wimbo wa kubembelezea watoto ambao Bibiana alikuwa anauimba taratibu akipepeta, na Kondo akaupokea kwa kugonga kibuyu, na Generoza akala ugali umeungua kwa sababu alisahau chungu. Nyapara wa barabara alikuja kuona kuna nini. Gabrieli akamshika mkono akamwonyesha wageni, akamwonyesha kapu tupu, akamwonyesha manyoya ya kuku. "Umeona?" alikuwa anamwambia. "Umeona sasa? Nilikuambia wanakuja!" Hakuna mtu kambini pale aliyekuwa na furaha kumzidi Gabrieli usoni, na ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa ameponea chupuchupu kama yeye.

Asubuhi walirudi Kilosa, gitaa limefungwa khanga ya Hildegarda. Blanketi waliliacha. Gabrieli alitaka walichukue, Beda akakataa katakata.

*

Gitaa lile liliwapigia Beda na Kondo harusi nyingi, mpaka Mwingereza akaondoka na mkonge ukashuka bei na wao wakapata magitaa mengine, ya umeme, ambayo Beda huyasifu kwa adabu tu. Kuhusu lile la kwanza wanabishana hadi leo: Kondo anasema lilikuwa jekundu, Beda anasema rangi ya asali. Kuhusu blanketi hawabishani.

Miaka mingi baadaye dereva wa basi alileta habari kwamba Gabrieli wa Mikumi amefariki. Beda, mvi kichwa kizima, alivaa koti la kaki aliloliazima kwa jirani, akapanda basi. Alifika watu wanaelekea makaburini. Hakumsalimu mtu. Alijitosa kaburini kwa shida, kwa sababu ya magoti, akalala chali akasema hapa pananitosha mimi. Walipomtoa akaingia ndani ya nyumba bila hodi, akapekua, akatoka na blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu, limetoboka, limechakaa kabisa, amelibeba mgongoni.

"Mkilitaka," akawapigia kelele watoto wa marehemu, "nifuateni Kilosa! Naitwa Beda! Jina langu Beda!"

Wale watoto, watu wazima wenye macho mekundu, waliangua kicheko na kupiga makofi.

Akarudi nyumbani, akalianika uani. Zikapita siku. Kila jioni alitoa kiti chake nje akakitazamisha barabarani, na Hildegarda akamwuliza, wasipokuja je, nani anataka blanketi kama hilo? Chakula hakikumshuka Beda vizuri, na siku ya nne hata gitaa hakuligusa.

Jumapili, walipokuwa wametoka kanisani, mtu alibisha hodi. Na kabla Beda hajasema karibu, alimsikia kuku akilia mlangoni.